Ireland Ikihesabiwa Kutoka Magogoni

Kitabu mashuhuri kuliko vyote cha rekodi za dunia kilizaliwa na ubishi juu ya ndege. Novemba 1951, Hugh Beaver, mkurugenzi wa kampuni ya bia ya Guinness, alikwenda kuwinda karibu na mto Slaney, jimbo la Wexford, kusini-mashariki mwa Ireland. Akafyatua, akamkosa ndege mmoja wa fukweni mwenye madoa ya dhahabu. Usiku, nyumbani kwa wenyeji wake, ubishi ukapamba moto: katika ndege wanaowindwa Ulaya, ni yupi mwenye kasi zaidi, huyu aliyeponyoka au yule jamaa wa kwale anayeishi nyikani? Vitabu vikapekuliwa, jibu halikupatikana. Beaver akawaza kwamba ubishi kama huo lazima unazuka kila usiku kwenye mabaa yanayouza bia yake, na kwamba atakayechapisha majibu atapata wateja. Wakaajiriwa mapacha wa London, Norris na Ross McWhirter, na toleo la kwanza la kitabu cha Guinness likatoka 1955.

Wakazi wa Magogoni, huku Kisauni, Mombasa, hawahitaji kufundishwa ubishi. Pale Kisauni mtu anaweza kukalia kikombe kimoja cha kahawa chungu tangu magharibi hadi isha akitetea beki aliyestaafu zamani. Basi tuwarudishie Waairishi kipimo chao wenyewe, tuwapime kwa rekodi. Nitapendelea, nalisema mapema: nitakaa zaidi kwenye rekodi zinazotugusa huku bara ya Mombasa, na nyingine nitazipitia kama matatu iliyojaa.

Mkataba mrefu kuliko yote

Tuanze na Guinness huyo huyo. Tarehe 31 Desemba 1759 Arthur Guinness alitia saini mkataba wa kukodi kiwanda kilichochakaa pale St. James's Gate, Dublin. Muda wa kukodi: miaka 9,000. Kodi: pauni 45 kwa mwaka. Baadaye kampuni ilinunua ardhi yenyewe, kwa hiyo hakuna anayesubiri mwaka wa 10759 kuja kufukuza wapangaji. Kwa kulinganisha, Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa zaidi ya miaka 99.

Watu wa Dublin huisimulia hadithi hii kwa kucheka. Kisauni mtu ataisikiliza kwa sikio jingine. Hapa tuna utaratibu wetu unaoitwa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, mabati ni yako, mlango uliuchonga mwenyewe, lakini ardhi chini yake ni ya mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja. Mwenyewe pengine hujapata kumwona, kwa kuwa anaishi ng'ambo, au alikufa na warithi wametawanyika. Mizizi yake ni sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya 1908, iliyowataka wenye madai wajitokeze kuandikisha. Waliojua mlango wa ofisi waliandikisha. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 katika Kisauni, idadi kubwa kuliko tarafa nyingine yoyote ya Mombasa, na wengi wao wamejenga maisha juu ya udongo usio na jina lao.

Ndiyo maana kati ya rekodi zote za Ireland, hizi za ardhi ndizo ninazozipa uzito.

Nchi iliyopungua

Mwaka 1841 kisiwa kizima cha Ireland kilihesabiwa kuwa na watu milioni 8.2. Leo, ukijumlisha Jamhuri (milioni 5.15 katika sensa ya 2022) na Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, unapata kama milioni 7. Si jambo la kawaida kwa nchi ya Ulaya kuwa na watu wachache leo kuliko wakati wa babu wa babu zao. Ireland ndiyo mfano mkubwa.

Chanzo kilikuwa kiazi, lakini nyuma ya kiazi palikuwa na mwenye shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa mabwana waliotokana na ushindi wa Waingereza wa karne ya 16 na 17, na wengi wao waliishi mbali, wakiacha mawakala wakusanye kodi. Mkulima alipanda nafaka na kufuga ili alipe kodi, kisha familia yake ikala kiazi, kwa sababu kiazi ndicho zao pekee lililoweza kulisha nyumba nzima kwenye kipande kidogo. Huku Pwani kiazi ni cha kuchovya kwenye unga wa rangi, ukakaanga, ukala na chatne ya ukwaju: viazi karai ni kitu cha kujifurahisha. Kwao kilikuwa asubuhi, mchana na jioni. Mwaka 1845 ukungu mharibifu ulioingia kutoka Amerika ulianza kuozesha viazi ardhini. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamepanda meli. Miaka hiyo hiyo, nafaka na siagi ziliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza chini ya ulinzi.

Msaada ulitoka pembe ambazo hazikutarajiwa. Sultani Abdülmecid wa dola la Uthmaniya alitoa pauni 1,000 mwaka 1847. Ipo hadithi ya meli zake zilizofika Drogheda kwa siri na shehena ya chakula. Inapendwa sana mjini humo, ingawa wanahistoria hawaikubali kwa urahisi. Pauni elfu zile hazina ubishi.

Kisha pakaja mavuno ghali kuliko yote niliyopata kuyasoma. Mwaka 1880, jimbo la Mayo, wapangaji waliodai wapunguziwe kodi walimgeukia wakala wa bwana mmoja aliyekuwa akiishi mbali. Wakala yule aliitwa Kapteni Charles Boycott. Hawakumpiga wala kumchomea nyumba. Vibarua waliacha shamba, muuza duka akakataa fedha yake, mfuaji hakufua, na barua hazikupelekwa. Watu 50 wa kujitolea wakaletwa kutoka kaskazini kuja kumvunia, wakilindwa na askari karibu 1,000. Mazao yaliyookolewa yalikadiriwa kuwa ya pauni 500 hivi. Gharama ya kuyaokoa ilifika pauni 10,000. Kabla mwaka haujaisha, Boycott alikuwa amefunga mizigo na kuondoka Ireland.

Shinikizo hilo ndilo lililozaa sheria za ardhi. Ile ya 1903 ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi: serikali ilimlipa mwenye shamba fedha zake, na mpangaji akarudisha mkopo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wengi wa wapangaji wa zamani walikuwa wamekwisha nunua mashamba yao au walikuwa wakiendelea kuyalipia. Dawa hiyo si ngeni kwetu, ila sisi tumeinywa kwa kijiko. Shamba la Waitiki kule Likoni, zaidi ya ekari 900, lilinunuliwa na serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na mwanzoni mwa 2016 wakazi wakaanza kupewa hatimiliki wakitakiwa kurudisha fedha kwa mafungu. Kisauni bado inangoja zamu yake, na wanasiasa huikumbuka kila miaka mitano.

Lugha ya kwanza inayosemwa na wachache

Njaa iliikumba zaidi magharibi, ambako Kiairishi ndicho kilichosemwa majumbani. Shule za serikali, zilizoanzishwa 1831, zilifundisha kwa Kiingereza, na mzazi aliyejua kwamba mwanawe atapanda meli alimhimiza ajifunze lugha ya huko aendako. Leo Katiba yao inakitaja Kiairishi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na katika sensa ya 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanakiweza. Waliosema wanakitumia kila siku nje ya darasa ni 71,968 tu, ambao hawafiki theluthi moja ya watu wa Kisauni. Anayedhani Kiswahili hakiwezi kupatwa na jambo kama hilo aende akasikilize watoto wa mitaa ya Nyali wanavyoongea wakicheza.

Waliopanda meli

Aliyesafiri mbali kuliko wote, kwa maana ya mahali ukoo wake ulipofika, ni Falmouth Kearney. Aliondoka kijiji cha Moneygall, jimbo la Offaly, mwaka 1850, akiwa kijana wa familia ya washona viatu. Kitukuu cha mjukuu wake, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, akawa Rais wa 44 wa Marekani. Barack Obama alifika Moneygall Mei 2011, akanywa bia na jamaa zake wa mbali, na kijiji hicho sasa kina kituo kikubwa cha magari kando ya barabara kuu chenye jina lake. Kogelo itabidi ijitahidi.

Lakini Mwairishi aliyeacha alama yenye meno zaidi kwetu ni John Henry Patterson, mzaliwa wa 1867 wa Longford. Alishuka Mombasa Machi 1898 akiwa mhandisi wa kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo. Simba wawili madume wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa wafanyakazi mahemani usiku. Boma za miiba hazikusaidia, mioto haikusaidia, mamia ya vibarua wakakimbia, na kazi ikasimama. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Daraja likaendelea, na reli ikafika Ziwa Victoria 1901.

Rekodi inayobishaniwa hapa ni idadi ya walioliwa. Patterson mwishoni alitaja watu 135. Ngozi za simba hao alizitumia kama mazulia kwa miaka 25, kisha akaziuza 1924 kwa makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo ziko humo zimejazwa na kusimamishwa. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali za mifupa na manyoya yao, wakakadiria kwamba waliliwa watu kama 35. Mimi naona hata 35 ni wengi mno, na ninashangaa zaidi kwamba tunayajua majina ya risasi za Patterson kuliko majina ya walioliwa, Wahindi na Waafrika.

Patterson hakutulia. Katika Vita vya Kwanza aliongoza vikosi vya Wayahudi chini ya jeshi la Uingereza, akawa rafiki wa familia ya Netanyahu, na mtoto wao Yonatan akapewa jina kwa heshima yake na ya babu ya mtoto. Yonatan huyo ndiye komando pekee wa Israel aliyeuawa katika shambulio la uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, tarehe 4 Julai 1976. Jina lililokwenda kwao kutoka Afrika Mashariki lilirudi kufia huku huku.

Mwairishi wa kwanza kulivuka bara la Afrika ni daktari Thomas Heazle Parke wa Roscommon. Alikuwa kwenye msafara wa mvumbuzi Stanley ulioingilia mdomo wa mto Kongo 1887 na kutokea Bagamoyo Desemba 1889. Mizigo ilibebwa na wapagazi zaidi ya 600 walioandikishwa Zanzibar, na wengi wao hawakuiona tena bahari. Usiku wa karamu ya kufika Bagamoyo, Emin Pasha, mtu ambaye msafara mzima ulikwenda kumwokoa, alianguka kutoka ghorofani, na Parke akabaki kumtibu. Sanamu yake imesimama Dublin nje ya makumbusho ya viumbe. Ya mpagazi hata mmoja haipo.

Kwa upande wa dini na shule, orodha ni ndefu na nitaifupisha. Askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Mombasa, tangu 1957 hadi 1978, alikuwa Mwairishi, Eugene Butler. Masista wa Loreto walioingia Kenya 1921 walitoka Ireland, na katika shule yao ya Limuru, mwishoni mwa miaka ya 1950, masista wa Kiairishi walimfundisha sayansi msichana aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobeli ya Amani: Wangari Maathai, mwaka 2004. Na yuko Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's bila kusomea ukocha wa riadha. Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul 1988. Mwingine aliyepita mikononi mwa Bruda, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 tarehe 9 Agosti 2012 mjini London, mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41, naye aliongoza mbio tangu mwanzo bila kukokotwa na mtu. Ireland yenyewe haijawahi kutoa mkimbiaji wa kumsogelea.

Ukimuuliza mwandishi huyu ni Mwairishi gani angependa kukutana naye, angemtaja Dervla Murphy. Alizaliwa Lismore 1931, akafa 2022. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipanda baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe kupitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, akilala kwa wenyeji na kusikiliza habari za ugonjwa uliokuwa ukimaliza vijiji. Kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka 1993, kimebeba neno ukimwi kwenye jina lake.

Mwaka mmoja, bandari mbili

Shambulio kubwa kuliko yote la maharamia wa Afrika Kaskazini dhidi ya Ireland lilitokea usiku wa 20 Juni 1631. Meli kutoka Algiers ziliingia kijiji cha Baltimore, jimbo la Cork, zikachukua watu zaidi ya 100, wengi wao walowezi wa Kiingereza, wakauzwa utumwani. Waliorudi kwao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Agosti mwaka ule ule, Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kamanda wa Wareno, akaitwaa ngome. Matukio haya mawili hayahusiani hata kidogo. Ila mtoto wa Kisauni anayefundishwa kwamba utumwa ulikwenda upande mmoja tu, na bahari zikatazama upande mmoja tu, aziweke tarehe hizo mbili pamoja.

Joto, nyoka na mengineyo

Joto kali kuliko lote lililowahi kuandikwa rasmi Ireland ni nyuzi 33.3, Kilkenny, tarehe 26 Juni 1887. Wapo watafiti siku hizi wanaolishuku. Kwetu hiyo ni alasiri ya Machi, na bado kuna mtu amevaa koti akielekea harusini.

Nyoka wa asili hakuna hata mmoja. Hadithi ya kwao humpa sifa Mtakatifu Patrick, aliyepelekwa Ireland akiwa mtumwa kijana na baadaye akarudi kuhubiri. Wataalamu husema barafu ya kale iliifunika nchi, na ilipoyeyuka bahari ikakata njia kabla nyoka hawajavuka. Anayeishi karibu na kichaka kilichobaki Mtopanga anaweza kuwaonea wivu.

Kaburi la Newgrange lilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, kabla ya mapiramidi ya Giza, na asubuhi ya siku fupi kuliko zote za mwaka, Desemba, mwanga wa jua huingia hadi chumba cha ndani kwa dakika kama 17. Uwanja wa Croke Park, Dublin, unachukua watu 82,300, na wachezaji wa michezo ya jadi wanaoujaza hawalipwi mshahara.

Kriketi inauma kidogo. Mwaka 1997, Kuala Lumpur, Kenya iliitoa Ireland kwenye nusu fainali ya Kombe la ICC kwa mikimbio 7 tu, na mwaka 2003 tukawa nchi pekee isiyo na hadhi ya mechi za Test kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, rekodi ambayo bado ni yetu. Februari 2012 Waairishi walikuja kucheza Mombasa Sports Club, na mpangilio ulikuwa umeshageuka. Wao walipewa hadhi ya Test 2017. Sisi tulipoteza hata hadhi ya mechi za siku moja 2014. Wao waliendesha ligi, wakalea vijana na wakatunza hesabu. Sisi tulibaki na ugomvi wa ofisini.

Chai

Waairishi wamo miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai duniani kwa kila kichwa, wakishindana na Waturuki. Huinywa nzito, na maziwa, asubuhi, kazini, msibani, na mgeni akikataa kikombe cha kwanza hudhaniwa anaona haya tu. Chai hiyo hawailimi. Sehemu kubwa hutoka Afrika Mashariki, na kampuni ya Barry's ya Cork, iliyoanzishwa 1901, huchanganya majani ya Kenya na Rwanda na yale ya Assam, India.

Mnada unaoongoza duniani kwa chai nyeusi uko Mombasa. Ulianza Nairobi 1956, ukahamishiwa karibu na bandari, na huuza majani ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine jirani, kwa dola. Magunia hulala kwenye maghala ya Shimanzi, Changamwe na Miritini yakisubiri meli. Vijana wa Magogoni wanaovuka daraja la Nyali alfajiri kwenda kubeba, kupima na kuchanganya humo ni kiungo cha biashara hiyo ambacho hakiandikwi kwenye pakiti. Kenya ndiyo muuzaji mkubwa zaidi wa chai nyeusi nje ya nchi, na nyingi huondoka ikiwa kwenye magunia ya jumla, ikaenda kuchanganywa, kutiwa kwenye vifuko na kupewa jina kule. Faida kubwa iko kwenye kifuko. Cork wamelijua hilo kwa zaidi ya karne moja, na hawana hata mche mmoja wa chai.